Mipaka ya Kilicho Wazi

Swali lenyewe ni fupi: je, programu yako inatumia usimbaji fiche? Chini yake pana nafasi ya kujibu ndiyo au hapana, na chini zaidi maelezo kwamba jibu linahitajika kwa sababu ya sheria za Marekani zinazosimamia bidhaa zinazotoka nchini humo. Kila anayeweka programu ya simu kwenye mojawapo ya maduka makubwa ya programu hukutana nalo, na wengi hulijibu bila kuwaza mara mbili. Mimi lilinishika, na mpaka leo sijalimaliza.

Programu yangu ni ndogo, imeandikwa kwa ajili ya vikoba. Inatunza hisa, mikopo na marejesho ya wanachama, na msimbo wake wote uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadili. Kikoba cha mtaani kwetu kina sanduku la fedha lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili hata mweka hazina asiweze kulifungua peke yake. Nilipohamishia daftari lao kwenye simu nilihitaji kitu cha kufanya kazi ya zile kufuli, na kitu hicho kikawa usimbaji fiche. Sikuutengeneza mimi. Niliuchukua kwenye maktaba ya programu huria ambayo watu wa nchi nyingi wameiandika na kuirekebisha kwa miaka mingi, na ambayo yeyote anaweza kuipata bure. Kwa hiyo jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Lakini nilibaki nikijiuliza: mimi niliyeketi Tanga, nikiandika kwa ajili ya kina mama wa Tanga na Muheza, nasafirishaje kitu kutoka Marekani?

Jibu la kisheria si gumu. Programu ikipakiwa inakwenda kwanza kwenye seva zilizoko Marekani, na mwanachama wa Muheza akiipakua, kwa macho ya sheria ile imetoka Marekani kwenda nje. Nililielewa siku hiyo hiyo. Kilichonichukua muda ni kuelewa kwa nini kitu kama hiki kiliulizwa tangu mwanzo, na ni nani waliowahi kulipa gharama ya jibu. Nilizoea kudhani kwamba programu huria haina nchi, kwamba uwazi ni hali yake ya asili. Nikaanza kusoma taratibu, usiku baada ya kazi, bila kujua natafuta nini hasa.

Hadi mwaka 1996, programu za usimbaji wenye nguvu zilikuwa kwenye orodha ya silaha ya Marekani, orodha ile ile yenye mizinga na ndege za kivita, chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Aliyetaka kuipeleka programu ya namna hiyo nje ya nchi alipaswa kuomba leseni kama mfanyabiashara wa silaha. Ukirudi nyuma kidogo unaona sababu: kwa miongo mingi, kusimba na kusimbua siri ilikuwa kazi ya majeshi na wapelelezi, na waliopitia vita vikuu vya dunia walijua kwamba siri iliyofunguliwa inaweza kuzamisha meli na kuokoa miji. Sheria iliandikwa kwa ulimwengu huo. Haikumwona mtu wa kawaida mwenye kompyuta mezani, anayeandika msimbo na kuugawa kwa rafiki zake.

Mtu huyo alitokea. Mwaka 1991 Phil Zimmermann alitoa PGP, programu iliyomwezesha yeyote kusimba barua pepe zake, na haikuchukua muda ikaonekana nje ya Marekani. Mwaka 1993 serikali ilianza kumchunguza kwa kosa la kusafirisha silaha bila leseni. Uchunguzi ule uliendelea hadi Januari 1996, ukafungwa bila mashtaka. Nimeifikiria sana miaka hiyo mitatu hivi. Wanaosimulia habari hii huikimbilia mwisho, pale uchunguzi unapofungwa na mtu anapumua. Mimi hubaki katikati, kwenye zile asubuhi ambazo mtu anaamka bila kujua kama leo ndiyo siku atakayoshtakiwa kwa sababu ya kitu alichokiandika na kukitoa bure.

Wakati huo huo jambo jingine lilijitokeza ambalo nililisoma mara kadhaa kabla ya kulikubali. Mwaka 1994 mhandisi Phil Karn aliiuliza serikali kama kitabu cha Bruce Schneier, Applied Cryptography, kinaruhusiwa kwenda nje. Akajibiwa kwamba kitabu hakimo kwenye orodha ya silaha. Akauliza tena, safari hii kuhusu disketi yenye msimbo ule ule uliochapwa kurasa za mwisho za kitabu. Hiyo ikakataliwa. Karatasi ilikuwa na ulinzi wa uhuru wa uchapishaji. Disketi haikuwa nao. Basi mwaka 1995 msimbo wote wa PGP ukachapishwa kama kitabu na MIT Press, na mwaka 1997 toleo la tano lilisafirishwa hadi Ulaya likiwa limechapwa kwenye kurasa elfu kadhaa, likasomwa na mashine ukurasa baada ya ukurasa, na wajitolea wa nchi mbalimbali wakakaa kusahihisha. Msimbo hausamehe. Herufi moja ikisomwa vibaya, koma moja ikidondoka, kazi yote haifanyi kazi.

Zamani nilikipenda kisa hiki kwa sababu ya werevu wake. Nilikisimulia kwa vijana wetu kama ushindi, na walikifurahia. Sasa nikikisimulia nasita, kwa sababu nimeanza kuwaona wale wasahihishaji. Watu wenye ujuzi wa hali ya juu walitumia usiku wao kusahihisha upya kitu kilichokwisha kuandikwa, kitu ambacho kingeweza kuvuka bahari kwa dakika chache. Sheria haikuzuia maarifa yasitoke. Iliamua nani achoke.

Tangu wazo hilo liniingie, naliona kila mahali katika historia ya programu ninazozitumia. OpenBSD, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ilijengwa Calgary, Kanada, kwa uongozi wa Theo de Raadt, na kuwa Kanada hakukuwa jambo dogo. Sheria za huko ziliruhusu programu zilizo wazi kwa umma kutoka nje, kwa hiyo usimbaji ungeweza kuwekwa ndani ya mfumo tangu awali, alimradi msimbo wake usiguswe na mikono iliyoko Marekani. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo, Niels Provos, Mjerumani aliyekuwa akisoma Michigan, alikuwa akivuka mpaka kuingia Kanada ili aandike sehemu za usimbaji akiwa kwenye ardhi inayoruhusu. Kutoka kundi hilo ilizaliwa OpenSSH mwaka 1999, ambayo leo ndiyo njia ninayoingilia kwenye kila seva ninayoikodi. Nikiandika amri ile ya kila siku, sasa najua kwamba ilipita mpakani.

Australia nako, Eric Young na Tim Hudson waliandika SSLeay, maktaba ya usimbaji, kuanzia mwaka 1995, na kutoka kwake ikatokea OpenSSL mwishoni mwa 1998. Eric Young huyo huyo alikuwa amewahi kuichukua Kerberos, programu ya chuo cha MIT ya kuthibitisha watumiaji, ambayo ilikuwa imetolewa nje ya Marekani baada ya kung'olewa sehemu zote za usimbaji, akazirudisha sehemu hizo kwa kuziandika mwenyewe. Netscape walipoufungua msimbo wa kivinjari chao tarehe 31 Machi 1998, uliachiwa bila usimbaji, na kikundi cha Waaustralia kikaurudisha kabla siku haijaisha. Ujerumani, Werner Koch alianza GnuPG, mbadala huria wa PGP, mwaka 1997, baada ya Richard Stallman kuwahimiza watu wa Ulaya waiandike wao kwa sababu wenzao wa Marekani hawakuwa huru kuisambaza. Debian, wanaokusanya programu huria kuwa mfumo mmoja, waliweka hazina yao ya pembeni Uholanzi, wakaiita non-US, na humo ndimo zilimokaa programu zenye kusimba.

Hapo kwenye hazina ya Debian nilikaa zaidi. Mtu wa Marekani aliruhusiwa kuzipakua programu zile kutoka Uholanzi. Kuingiza hakukuwa kosa. Lakini akiona kasoro ndani yake, akaijua dawa yake, hakuwa huru kuirudisha dawa hiyo kule ilikotoka programu, maana kufanya hivyo kungekuwa kusafirisha usimbaji nje bila leseni. Niliposoma hivyo niliifunga kompyuta. Programu huria inaishi kwa marekebisho. Mtu usiyemjua anasoma ulichoandika, anaona ulipojikwaa, anakutumia mstari mmoja uliorekebishwa, na kazi inakuwa bora kwa wote. Kile nilicho nacho cha ufundi huu nilikipata hivyo, kwa kurekebishwa na watu ambao sijawahi kuwaona. Aliyesahihisha namna programu yangu inavyogawa faida ya hisa alikuwa mtu wa Brazili, na hatukuzungumza zaidi ya sentensi chache. Sasa fikiria mtu huyo anaiona kasoro ile, anaijua, na kila anapotaka kuniandikia anakumbuka kwamba kuna kifungo. Anakaa kimya. Na mimi naendelea kuwagawia kina mama faida isiyo sahihi bila kujua. Sheria inayogusa bidhaa inaeleweka. Inayogusa kusahihishana inaingia mahali pa ndani zaidi, na sioni kama walioiandika walikusudia kufika huko.

Kuna upande mwingine unaonihusu zaidi, nao ni kwamba mimi ndiye mtu wa nje. Katika habari zote hizi, wanaposema nje, wanasema sisi. Kampuni za Marekani za miaka ya tisini zilitoa matoleo mawili ya programu zao: la ndani lenye funguo ndefu, na la nje ambalo funguo zake zilipunguzwa hadi biti 40. Kila biti inayoongezwa inazidisha mara mbili kazi ya anayebahatisha, kwa hiyo biti 40 ni takriban funguo trilioni 1.1. Kwa mtu hiyo ni hesabu ya kutisha. Kwa kompyuta si kitu. Mwaka 1995 Damien Doligez, mtafiti wa Ufaransa, aliubahatisha ufunguo mmoja wa namna hiyo kwa siku nane, kwa kompyuta zilizokuwa kazini kwake. Toleo la nje ndilo lililotufikia. Waliojifunza intaneti kwenye vibanda vya mjini mwishoni mwa miaka ile, nami nikiwamo, walifungua barua zao kwa vivinjari vilivyopunguzwa makusudi, na hatukuwa na namna ya kulijua hilo. Siandiki kwa kulalamika. Nataka tu lionekane kwamba ulikuwapo uamuzi, na uamuzi huo ulimhusu mtu ambaye hakuwa mezani.

Udhaifu ule haukukaa ulikowekwa. Masharti yalipolegezwa mwaka 2000, hakuna aliyepita kwenye kila seva na kila maktaba kuondoa zile njia dhaifu za kusafirishia nje. Ziliachwa, kwa sababu huenda mahali fulani palikuwa na kompyuta ya zamani inayozihitaji. Machi 2015 watafiti wakaonyesha kwamba mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kuzishawishi pande mbili zirudi kwenye ufunguo dhaifu wa biti 512, wa aina ya usimbaji inayohitaji funguo ndefu zaidi, kisha akauvunja kwa saa chache kwa kompyuta za kukodi zinazogharimu takriban dola 100. Waliuita udhaifu huo FREAK. OpenSSL iliguswa, simu za Android ziliguswa, vivinjari vya Apple viliguswa, na hata tovuti ya NSA, shirika la kijasusi la Marekani, ilikuwa miongoni mwa zilizoonyeshewa jaribio hilo. Mei mwaka huo huo ukafuata mwingine, Logjam, wenye asili ile ile. Kwa hiyo kitu kilichodhoofishwa kwa ajili yetu kiliwarudia wao baada ya miaka kumi na mitano, na kilitupata sisi tena, maana wakati huo tulikuwa tumekwisha kuweka fedha zetu kwenye simu. Wajitolea wale wale wa programu huria ndio waliokesha kukiondoa.

Ningeweza kuishia hapo, na hukumu ingekuwa rahisi. Lakini kuna tarehe moja ambayo mtu wa pwani hii hawezi kuiruka. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, watu 224 wakafa, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao asubuhi ile karibu na kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Nakumbuka redio, na watu wazima wakiwa kimya barazani. Miaka ile ile mkurugenzi wa FBI, Louis Freeh, alikuwa akiliambia Bunge la Marekani kwamba wauaji wanajificha nyuma ya usimbaji, akitoa mfano wa faili zilizosimbwa kwenye kompyuta ya Ramzi Yousef, zilizohusu mpango wa kulipua ndege za abiria. Mtu wa Calgary anaweza kuisoma hoja hiyo kama hofu ya serikali inayotaka madaraka zaidi. Mimi najaribu, na siwezi kabisa. Najua kuna mama aliyekuwa akimsubiri mwanawe arudi kutoka mjini.

Mwezi uliotangulia mabomu yale, Julai 1998, shirika la Electronic Frontier Foundation lilikuwa limeonyesha mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000 ikiuvunja usimbaji wa DES wenye biti 56 kwa saa 56. Na mwezi mmoja hivi baada ya mabomu, Septemba, serikali ya Marekani ikatangaza kulegeza masharti ili bidhaa za biti 56 zitoke kwa urahisi zaidi. Nimeziweka tarehe hizo tatu kwenye mstari mmoja mara nyingi nikitafuta maana. Huenda maana haipo, ni kalenda tu. Huenda maana ni kwamba hata wale waliokuwa na uchungu mbichi waliona sheria ile haizuii kile ilichoandikwa kuzuia, kwa kuwa msimbo wenye nguvu ulikuwa umekwisha kuwa mikononi mwa yeyote aliyeutaka. Lakini kusema kwamba kizuizi hakikufaa si sawa na kusema kwamba hofu haikuwa na msingi. Kwa muda nilizichanganya hizo mbili, na bado nazichanganya nikiwa na haraka.

Aliyefungua mlango kwa kiasi kikubwa alikuwa mwanafunzi. Daniel Bernstein, akisoma Berkeley, aliandika njia yake ya kusimba akataka kuichapisha. Akaambiwa kwamba anahitaji leseni ya silaha. Mwaka 1995 akaishtaki serikali, na mwaka uliofuata Jaji Marilyn Hall Patel akaamua kwamba msimbo ni maneno, na maneno yana ulinzi wa katiba. Novemba 1996 Rais Clinton aliuhamisha usimbaji wa kibiashara kutoka orodha ya silaha kwenda Wizara ya Biashara, masharti yakabaki. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi wa Patel, ingawa hukumu hiyo baadaye iliwekwa kando ili isikilizwe upya. Januari 2000 masharti yenyewe yakabadilishwa: msimbo ulio wazi kwa umma ungeweza kuwekwa kwenye intaneti bila leseni, alimradi mwenye kuuandika atume barua pepe kwa Wizara ya Biashara, akieleza unapatikana wapi.

Barua pepe moja tu. Baada ya miaka yote ile, kilichobaki ni barua pepe moja. Miradi ikaanza kurudi nyumbani. Debian 3.0, iliyotoka Julai 2002, iliuweka usimbaji ndani ya hazina yake kuu. Mwaka huo huo usimbaji ukaingia rasmi kwenye kiini cha Linux, baada ya kuishi muda mrefu nje yake kama kiraka kilichotunzwa na watu wasio Wamarekani. Machi 2021 hata ile barua pepe iliondolewa kwa msimbo unaofuata kanuni zilizozoeleka, ikabaki kwa usimbaji wa mtu aliyejibunia mwenyewe.

Siku hizi vizuizi vinavyouma miradi huria mara nyingi si vya usimbaji, ni vya vikwazo vya kiuchumi, na ni vema kuvitenganisha ingawa vinakaa nyumba jirani. Mwaka 2010 SourceForge iliwafungia watu wa Kuba, Irani, Korea Kaskazini, Syria na Sudan. Khartoum si mbali nasi. Mwaka 2019 GitHub ilibana akaunti za watu wa Irani, Syria na Crimea, na Irani ikafunguliwa tena Januari 2021 baada ya leseni kupatikana. Mwaka 2020 shirika linalosimamia RISC-V, usanifu huria wa vichakataji, lilihamia Uswisi ili wanachama wake wasiishi kwa wasiwasi wa siasa za nchi moja. Oktoba 2024 majina ya watunzaji kadhaa Warusi yaliondolewa kwenye orodha ya watunzaji wa kiini cha Linux. Kila mmoja wa hao ana sababu zake na sheria zake, na sitajifanya nimezielewa zote kwa uzito sawa. Ninachokiona ni kwamba msimbo unabaki wazi kusomwa, lakini nafasi ya mtu kusahihisha na kuitwa mmoja wa wenye kazi inaweza kuondolewa kwa sababu ya pasipoti yake.

Wala sitaki kuandika kana kwamba hofu ya siri ni ya Washington peke yake. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili na kueleza matumizi yao. Niliposoma tangazo lile nilitambua sauti niliyokuwa nimeizoea kwenye karatasi za miaka ya tisini: mtaje nani anatumia, mtaje kwa nini. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyomo kwenye Mkataba wa Wassenaar, unaoratibu usafirishaji wa teknolojia za namna hii. Kwa bara zima imo Afrika Kusini pekee. Kwa hiyo kanuni za usafirishaji nje zinatufikia zikiwa zimekwisha kupangwa na wengine, na kanuni za nyumbani tunazipanga bila kuwa na uzoefu wa kutosha wa kilichotokea kwa waliotutangulia. Ningependa watunga sheria wetu waisome habari ya FREAK kabla ya kitu kingine chochote.

Yupo binti mmoja anayechangia kwenye mradi wetu wa vikoba, mwanafunzi, mwepesi kuliko mimi nilivyowahi kuwa. Ameandika njia yake mwenyewe ya kusawazisha madaftari kati ya simu mbili pasipo intaneti, na ndani yake ameweka usimbaji aliojibunia. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, kwamba usimbaji wa kubuni mwenyewe ni hatari kwa fedha za watu mpaka wengi waujaribu na kushindwa kuuvunja, hivyo kwa sasa tutumie uliozoeleka. Pili, kwamba akitaka kuuchapisha wa kwake ili watu waujaribu, na tukauweka pale tunapoweka msimbo wetu wote, Marekani, basi ile barua pepe bado inadaiwa.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa kaka, kwa nini tunauweka huko?"

Nilimtajia sababu ninazozijua. Ni bure. Wachangiaji wamekwisha kuzoea kututafuta huko, akiwamo yule wa Brazili. Umeme haukatiki. Alisikiliza, akasema hizo ni sababu za kuweka huko nakala, siyo za kuuweka huko peke yake. Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia hivyo. Tumekubaliana kwamba aandike maelezo ya njia yake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa jina lake, na ile barua pepe aiandae yeye ili ajue inasemaje, lakini isitumwe kwanza. Mimi nimechukua kazi ya kuulizia bei ya seva Dar es Salaam na Nairobi, na ya kusoma sheria za nchi zote mbili zinasema nini juu ya msimbo kama wake. Bei nimezipata. Sheria ndizo ninazoendelea nazo.